Ugwe na Mwaridi

Ukitaka kumuudhi Ziyad, usihangaike kumtukania ukoo wake. Uite ugwe wake kamba, basi. Atakusimamisha hapo hapo, hata mvua ikiwa inanyesha na basi lako limeshafika kituoni, akueleze tofauti ya uzi na ugwe, ya ugwe na ukambaa, ya ukambaa na kamba, mpaka ujutie masikio yako. Alikuwa hivyo tangu enzi zake za udereva wa mabasi hapo Walthamstow, na kustaafu hakukumpunguza. Kulimwongezea wasaa tu.

Ugwe wenyewe ulikuwa umelazwa katikati ya shamba lake, ikiwa shamba ni jina la kuipa bustani ya kukodi ya halmashauri. Nyuma ya reli kuna ardhi iliyokatwa vipande vipande, kila kipande na mwenyewe, kila mwenyewe na kibanda chake cha mbao na manung'uniko yake. Zamani Ziyad na mkewe Swafiya walikuwa na kipande kizima. Swafiya alipofariki, mume akasusa jembe. Magugu yakaota yakafika kiunoni, majirani wakaanza kusemasema, na mwishowe Ushma, katibu wa wakulima, akaja akasimama mlangoni na viatu vyake vya mpira. Akasema kwa upole kwamba wanaosubiri ardhi ni wengi na kwamba heri kugawana kuliko kupokonywa. Nusu ikabaki ya Ziyad. Nusu akapewa mwanamke mmoja Mkenya aitwaye Teresia, muuguzi katika nyumba ya wazee.

Ushma hakutaka makuu. Aliwaambia kila mmoja kwa wakati wake wapitishe mstari wenyewe, ulionyooka, toka bomba la maji hadi ua wa nyuma, nusu kwa nusu, na wakielewana yeye hana neno.

Ziyad hakungoja kuelewana na mtu. Siku moja kabla Teresia hajaja, alikwenda peke yake na ugwe mkononi. Alikuwa ameupota mwenyewe, kwa mikono yake, kutoka katika mkeka wa mlangoni wa makumbi ya nazi alioununua sokoni na kuufumua uzi baada ya uzi, kwa sababu katika London nzima hakuona mahali pengine pa kupata makumbi. Alichomeka kigingi karibu na bomba, akachomeka kingine uani, akauvuta ugwe ukakaza. Ndipo alipoona kwamba mwaridi wa Swafiya umesimama ng'ambo, hatua moja tu, upande wa mgeni.

Mwaridi ule haukuwa maua tu. Swafiya aliukata tawi lake Kilburn, walipokuwa wamepanga chumba kimoja juu ya duka la vyombo, akalikata kwa mkasi wa kushonea kwenye ua wa mama mwenye nyumba na kulificha ndani ya buibui. Walipohama alihama nalo ndani ya kopo la maziwa. Kila mwezi wa sita alichuma waridi alfajiri, akayachambua, mengine akayaweka katikati ya nguo, mengine akajisukia kikuba, kishada cha kunukia cha kuvaa ndani ya nyumba, kwa mume wake peke yake, katika mji ambao hakuna aliyejua kikuba ni kitu gani. Alipokuwa mgonjwa hawezi kuinuka, jambo alilouliza lilikuwa moja. Mwaridi umetiwa maji?

Basi Ziyad alisimama pale, akatazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na mtu. Akauchukua ugwe, akauzungusha nyuma ya mwaridi, akachomeka kigingi cha tatu mahali pasipostahili kigingi. Kisha akalibingirisha pipa la maji mpaka likakaa mbele ya lile pindo, likalifunika. Ukisimama kwenye bomba uliona ugwe umenyooka unaingia nyuma ya pipa na unatoka umenyooka vilevile. Alikuwa ameiba ardhi ya upana wa kitanda. Akanawa mikono akaenda zake.

Kesho yake Teresia akafika, mama wa makamo, mikono mipana, maneno machache, mfuko wa mbegu za viazi begani. Aliusukuma ugwe kwa ncha ya kiatu.

"Hii kamba ni ya nini, mzee?"

Huko ndiko kumwasha. Ziyad akamweleza kwamba hiyo si kamba, na kwamba kwao Mambrui, pwani ya Kenya, uzi ni ule mmoja, mpweke, wa kutunga sindano, lakini nyuzi zikipotwa pamoja huwa ugwe. Mdogo wake ni kigwe, kile cha kumshikia punda. Wakati wa kulima, wazee wake waliuchukua ugwe wakapimia shamba, kila mlimaji akapewa kipande chake, na kipande hicho kikaitwa ngwe. Jina lilitoka kwenye uzi likaingia kwenye udongo. Siku hizi watangazaji wa mpira wanasema ngwe ya kwanza, ngwe ya lala salama, wala hawajui kwamba wanalima. Na ugwe ukishalazwa, akamalizia, hauulizwi tena wala haugombewi.

Teresia alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Akasema ni neno zuri. Akasema kwao bara, Ol Kalou, hakulisikia hata shuleni. Kisha akainama akaanza kulima upande wake, na mwaka mzima hakuuliza tena habari ya ule mstari.

Lakini msidhani walipendana. Ziyad alimchukia Teresia tangu siku ile ya kwanza, na chuki yake ilikuwa ya zamani kuliko yule mama. Babake alikuwa na shamba nyuma ya Mambrui, la muhogo na mikorosho, lililokatwa ngwe na mababu. Wakaja watu kutoka bara na karatasi zenye mihuri na mnyororo wa chuma wa kupimia, wakamwambia babake kwamba yeye ni mpangaji asiye na ruhusa juu ya makaburi ya wazee wake. Ziyad alikuwa kijana, alisimama akitazama mnyororo ukiburutwa juu ya muhogo. Toka siku hiyo, mtu yeyote wa bara akishika jembe, kwa Ziyad alikuwa mmoja wa wale. Kwamba mamake Teresia alichuma pareto maisha yake yote katika shamba la mwingine na akafa bila hata pa kuzikwa pake mwenyewe, hayo Ziyad hakuyajua wala hakuuliza.

Kwa hiyo alimnunia. Teresia akipanda mahindi, Ziyad alisema yanamzibia jua. Teresia akimwaga mbolea, Ziyad alifunga pua kwa kilemba. Teresia naye hakuwa malaika. Alijibu kwa kutojibu, jambo linalouma kuliko tusi, na konokono aliowaokota kwenye kabeji zake aliwatupa bila kuangalia wanaangukia wapi. Walikuwa wakifanya kazi kutwa nzima mgongo kwa mgongo, na ungedhani kati yao pana ukuta badala ya makumbi ya nazi.

Jumamosi wakulima hunywa chai kwenye kibanda cha chama, na huko ndiko Ziyad alikokuwa akitawala. Gervais, Mkongo wa Uvira mwenye kipande cha kona, mtu wa kufagia ofisi za watu usiku na kucheka mchana, alimchokoza siku moja makusudi.

"Papa Ziyad, sisi kwetu tunasemaka kamba tu, inatosha. Lakini mama yangu mwenyewe, kwa luga yake ya nyumbani, alisemaka mugozi. Mugozi na ugwe, unaona? Pengine ni ndugu."

Ziyad aliweka kikombe chini. Akamwambia kwamba ugwe haujawahi kupanda milima, kwamba ni neno la watu wa pwani, na kwamba kila mtu akipewa ndugu kila anapotaka dunia itakwisha majina. Gervais akacheka. Teresia, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema polepole kwamba labda neno nalo lilihama kama watu wengine, na kwamba waliohama hawakosi ndugu. Ziyad akakirudia kikombe chake. Moyoni aliona kwamba wameanza kumpimia hata maneno yake.

Msimu wa pili, mwezi wa nne, pipa likatoboka.

Maji yalivuja upande wa Teresia, yakamwozeshea mbegu. Alimwomba Ziyad alisogeze, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Ziyad alisema pipa lina haki ya kukaa lilipo. Ijumaa, Ziyad akiwa msikitini, Teresia akamwita Gervais wakalibingirisha kando. Halafu akafanya kazi yake ya siku zote kabla ya kupanda viazi. Mamake alimfundisha kwamba kiazi hutaka mstari, na mstari hauaminiwi kwa jicho. Akatoa kamba yake ya manila ya buluu, akaifunga kwenye kigingi cha bomba, akaivuta mpaka kigingi cha uani.

Ziyad aliporudi kutoka swalani, kanzu chini ya koti, aliona kwanza pipa mahali pengine. Kisha akaona manila ya buluu imenyooka, na ugwe wake kando yake umetokeza tumbo kama mtu aliyeshiba cha wizi. Katikati ya manila na ugwe, mzima mzima, umesimama mwaridi.

Teresia alikuwa amesimama anamngoja. Gervais alijifanya anafunga kamba za viatu.

"Hapa ni kwangu," Teresia alisema. "Huu mti na hii soil yote. Umekula hapa misimu miwili."

Ziyad, badala ya aibu, iliyokuwa imekwisha kufika, alishika hasira, iliyokuwa karibu zaidi. Akamwambia kwamba watu wa bara hawashibi. Kwamba walikula Mambrui, walikula mikorosho ya babake, wamemfuata ng'ambo ya bahari kupimia na kaburi la mkewe. Alisema mengi, na kwa sauti iliyowainua watu kwenye vitunguu vyao vipande vitatu mbali.

Teresia alimwacha amalize.

"Mimi Mambrui sijawahi kanyaga hata siku moja," alisema. "Sikukula korosho ya mtu. Na hujui nimetoka wapi, hujawahi niuliza. Huu mti ni wa bibi yako?"

"Ni wake."

"Ungeniambia, ningekupa. Ungesema tu, Teresia, huu ni wa marehemu, mimi ningesogeza line na mikono yangu mwenyewe. Lakini hukuniomba. Ulinipa hadithi." Akakung'uta udongo viganjani. "Niliipenda hilo neno, mzee. Nilipigia dada yangu simu nikamwambia. Nilimwambia kuna mzee wa pwani hapa ananifunza Kiswahili."

Teresia akaokota mfuko wake. Alisema atamwita Ushma, mstari utanyooshwa, na ukinyooshwa mwaridi utang'olewa, maana miiba haiongezi kitu kwenye sufuria na yeye anataka kupanda viazi. Akaondoka kwenda kazini.

Siku zile za kungoja Ushma, Ziyad hakulala vizuri. Mara alijiambia atang'oa mwaridi mwenyewe auhamishe, lakini mti mzee uking'olewa wakati wa kuchipua hufa, na hilo alilijua. Mara alijiambia atakana. Nani alimwona? Ugwe ulilazwa na yeye peke yake, siku isiyokuwa na mtu, na Teresia aliukubali kwa misimu miwili. Neno lake kwa neno la mwanamke yule. Alijizoeza kukana mbele ya kioo cha kunyolea ndevu, na akaona kwamba anaweza.

Ushma alikuja Jumapili, amechoka, maana wiki nzima husimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Wazazi wake walizaliwa Kisumu, naye Kiswahili anakielewa kwa masikio lakini ulimi wake unajibu kwa Kiingereza. Alitazama manila, akatazama ugwe, akatazama mwaridi uliokuwa umeanza kutoa majani mekundu. Wakulima wengine wakasogea mmojammoja wakijifanya wana shughuli hapo.

Alimuuliza Teresia kwanza. Teresia akasema alipofika alikuta umeshalazwa, akaambiwa hadithi ya ugwe, akaamini. Alimuuliza Ziyad. Ziyad akasema, kwa Kiingereza chake cha udereva, kwamba mstari ulikuwepo misimu miwili na hakuna aliyeupinga. Kila neno lilikuwa kweli. Kweli yenyewe haikuwemo.

Ushma akapangusa miwani. Alisema hataki kesi. Alisema sheria ya chama ni nyepesi: wawili wakikubaliana mpaka, mpaka ni huo, hata ukipinda; lakini mmoja akiuweka peke yake bila mwenzake, chama kinapima upya nusu kwa nusu. Hapa anaona watu wawili wamekaa na uzi huu kwa misimu miwili bila neno, na hiyo kwake ni makubaliano. Yaliyosemwa juu ya uzi hayamhusu. Uzi ni uzi. Ni kipande cha uzi cha kuonyesha mahali, basi, na Bwana Ziyad akithibitisha hivyo, mwaridi ubaki upande wake, watu warudi kwenye kazi zao.

Gervais akamgusa Ziyad kiwiko. "Itika, papa," akanong'ona. "Sema ndiyo, imekwisha."

Ilikuwa imekwisha kweli. Angeitika kwa kichwa mara moja tu, mwaridi wa Swafiya ungekuwa wake mpaka siku ya kufa. Ziyad alimtazama Teresia. Teresia hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa akiutazama ugwe, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Ziyad aliwahi kukiona mara moja tu, kwa babake, siku mnyororo ulipoburutwa juu ya muhogo na karani akasema kwamba hayo mambo ya ngwe ni porojo za wazee.

Ziyad akafungua mdomo atamke ndiyo, akasikia mwenyewe anasema jambo lingine.

"Si uzi."

Ushma akauliza amesemaje.

"Si uzi," Ziyad akarudia, sasa kwa Kiswahili na kwa sauti ya darasani. "Usiniambie ni uzi. Uzi hukatika mtu akipiga chafya. Huu ni ugwe. Hupotwa kwa mikono, na huwezi kuulaza peke yako. Mmoja hushika huku, mmoja hushika kule, wanavutana mpaka wote wawili waridhike, na aliyekosekana hungojwa, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa ni adui yako. Baba yangu alimngoja jirani aliyekuwa hasemi naye. Ugwe hushikwa na wawili. Ukishikwa na mmoja si ugwe tena, ni kamba ya kutegea wanyama."

Treni ikapita nyuma ya ua, wote wakaingoja ipite.

"Huu niliushika peke yangu," akasema.

Ushma alikuwa ameelewa nusu. Alimgeukia Teresia, naye akamfasiria kwa ufupi kabisa: anasema alikuwa peke yake. Katika wakulima waliosimama pale hakuna aliyecheka. Gervais alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeshuhudia sahani nzuri ikianguka. Ushma akasema basi, upimwe upya, sasa hivi, mbele yake.

Ziyad aling'oa kigingi cha tatu kwa mkono wake. Teresia akaiviringisha manila yake ya buluu akaitia mfukoni. Akaokota ncha ya ugwe iliyokuwa uani, akamnyoshea Ziyad kidevu kumwonyesha ncha nyingine.

"Shika," akamwambia.

Akashika. Wakavutana. Makumbi yalimkwaruza viganja, na akahisi nguvu za yule mwanamke zikija mpaka kwake, bila huruma na bila wizi, mvuto wa mtu anayetaka chake na hataki cha mwenzake. Ugwe ukanyooka. Mwaridi ukabaki ng'ambo, hatua moja, pale pale ulipokuwa siku ile alipokuwa peke yake. Ziyad akafunga fundo mwenyewe kwenye kigingi, kwa kuwa alitaka liwe fundo zuri.

Watu wakatawanyika. Teresia akaingia kibandani kwake, akatoka na chepe. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mwaridi, akachomeka chepe ardhini karibu na shina. Ziyad alitaka kugeuka asione, akaona kugeuka ni woga. Akasimama, mikono nyuma, akimwomba Mungu amsamehe kwa Swafiya.

Teresia aliegemea mpini.

"Nitauacha," akasema. "Na sio kwa sababu yako, usijidanganye. Wewe ulinikosea na bado sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Lakini huyo mama hakunikosea. Alipanda mti tu." Akachomoa chepe, akalipangusa udongo kwa kiatu. "Lakini ni wangu. Uko kwangu. Siku ukitaka kuuona karibu, hutavuka hii ugwe yako kama mwenye nyumba. Utasimama hapo ubishe hodi kama mgeni."

Ziyad alijiapiza moyoni kwamba heri afe. Yeye, abishe hodi katika shamba alilolifyeka mwenyewe, kwa mtu wa bara, kwa ajili ya ua la mke wake? Akachukua koti lake akaenda zake, na mwezi mzima alilima upande wa mbali kabisa, mgongo umeupa mwaridi.

Teresia aliutia maji. Ziyad alijua, maana alikuwa akihesabu kwa masikio kila mara bomba lilipofunguliwa. Teresia hakuupogoa vibaya. Alipanda viazi vyake mpaka karibu na shina na kuacha duara dogo la udongo mtupu kuuzunguka, wala hakumsalimu Ziyad. Jumamosi kibandani walikaa kila mmoja kwenye kona yake. Gervais alijaribu mara moja kuuliza tena kuhusu mugozi, na Ziyad, kwa mshangao wa kila mtu, akajibu kwamba huenda ni ndugu, yeye hajui yote. Teresia akaendelea kunywa chai yake.

Mwezi wa sita ukaingia. Asubuhi moja upepo ukaja kutoka upande wa ua, na Ziyad akiwa ameinama kwenye bamia zake zisizotaka kukua, harufu ikamfikia. Ilikuwa ile ile ya nguo za kabatini. Alisimama wima haraka hata mgongo ukamlilia. Mwaridi ulikuwa umefunguka wote kwa pamoja, kama ilivyokuwa desturi yake.

Teresia alikuwa huko kwake, mwanzoni mwa kipande, karibu na bomba, akipalilia.

Ziyad akaja mpaka kwenye ugwe. Vidole vya viatu vyake viligusa makumbi. Alisimama pale muda mrefu kuliko anavyosimama mtu mwenye shughuli. Akakohoa. Teresia hakugeuka.

"Hodi," akasema.

Jembe likaendelea kupanda na kushuka.

"Hodi," akasema tena, na safari hii sauti ilitoka jinsi ilivyotakiwa, sauti ya mtu aliye nje.

Palilia, palilia. Ziyad alijua adabu ya hodi kuliko mtu yeyote aliyekuwa Walthamstow asubuhi ile. Ni mara tatu, na usipoitikiwa mara ya tatu, unageuza njia na huna lawama kwa mtu. Alifikiri kwamba pengine ndivyo ilivyopangwa, anyenyekee mpaka mwisho kisha arudishwe. Alifikiri pia kwamba angekuwa yeye, angefanya hivyo hivyo.

"Hodi, Bi Teresia."

Jembe likasimama. Teresia hakuinua uso.

"Nimesikia," akasema. "Ngoja nimalize ngwe yangu."

Akainama tena, akaanza kuja polepole, bila haraka yoyote, toka kwenye bomba. Ziyad akavua kofia, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akangoja. Urefu wa ngwe ile aliujua vizuri. Aliupima mwenyewe.